Mwanasheria Mkuu wa Serikali: Wakili wa Nani?



Katika utume wetu wa likizo sisi mafrateri tulisali na jumuiya ndogondogo moja ya Mwamkulu, hapa Manispaa ya Mpanda. Baada ya sala mama mmoja alituuliza: "Mafrateri, yule Mwanasheria Mkuu wa Serikali, mtu akinidhulumu shamba naweza kumwendea anitetee?" Swali lake ni la wengi, nasi tunajaribu kulijibu.

Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 59, inasema Mwanasheria Mkuu huteuliwa na Rais, naye ndiye mshauri wa Serikali katika mambo ya sheria. Ana haki ya kuhudhuria na kusikilizwa katika mahakama zote. Pia ni mbunge kutokana na wadhifa wake. Kwa hiyo mteja wake ni Serikali, si mtu mmoja mmoja. Mashtaka ya jinai yako chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka, na tangu mwaka 2018 kesi za madai za Serikali husimamiwa na Wakili Mkuu wa Serikali. Zanzibar nayo ina Mwanasheria Mkuu wake.

Mama yetu atamhitaji wakili wa kujitegemea, au watoa msaada wa kisheria. Lakini akiwa anaidai Serikali yenyewe, lazima kwanza atoe notisi ya siku 90, nakala impelekee Mwanasheria Mkuu, kisha amuunganishe katika kesi. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020, ndivyo ilivyo hata kwa anayeidai halmashauri.

Tutoe mfano unaotugusa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vifungu vya 13 na 17, iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na 14 kwa kibali cha mahakama, ilhali umri wa kawaida wa mvulana ulikuwa 18. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi alimshtaki Mwanasheria Mkuu, naye Mahakama Kuu ikatamka kuwa vifungu hivyo vinavunja Katiba. Serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha. Mwanasheria Mkuu akakata rufaa. Mwezi Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo, lakini mwaka mwingine ukapita bila sheria kubadilishwa.

Je, alikuwa adui wa wasichana? Tusihukumu haraka. Anayeshtakiwa ni ofisi, na kazi yake mojawapo ni kuitetea sheria iliyotungwa na Bunge. Lakini kutetea si kazi yake pekee. Yeye ni mshauri pia, na mshauri mwema humwambia mteja wake ukweli hata usipompendeza. Mtakatifu Thoma wa Akwino anatufundisha kuwa sheria ni agizo la akili kwa ajili ya manufaa ya wote. Sheria ikipungukiwa na manufaa hayo, kuishinda kesi hakuifanyi kuwa njema.

Hapa Katavi jambo hili si la vitabuni. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kuwa wasichana 45 katika kila 100 wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wamezaa au ni wajawazito, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Nasi wa Kanisa tujichunguze: kanuni ya 1083 inamtaka msichana awe na angalau miaka 14 ili ndoa iwe halali, lakini kanuni ya 1072 inawataka wachungaji wawazuie vijana kufunga ndoa kabla ya umri uliozoeleka mahali pao. Sisi tunaojiandaa kuandikisha ndoa kesho tutaulizwa kuhusu hilo.

Basi mama, Mwanasheria Mkuu si wakili wako. Lakini ibara ya 26 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kuilinda Katiba, na ukifika huko, yeye analazimika kukujibu.