Ufuko Uliotokana na Mto Kuzibwa: Njia ya Bukavu hadi Sake

Mji wa Bukavu umekaa juu ya rasi tano zinazoingia Ziwa Kivu kama vidole vya mkono uliotumbukizwa majini, na umbo hilo, ambalo msafiri hulitazama upande wake wa kulia anapoelekea kaskazini, si kazi ya mawimbi kama ilivyo kwa fukwe nyingi za bahari, bali ni mabonde yaliyozama. Hapo kale mito ya eneo hili ilielekea Ziwa Edward na bonde la Naili, mpaka volkano za Virunga zilipotapika lava, yaani mwamba ulioyeyuka kwa joto, zikaiziba njia hiyo. Maji yakapanda, yakafunika mabonde, na migongo ya vilima ikabaki juu kama rasi na visiwa. Yapata miaka 10,000 iliyopita ziwa lilifurika kusini, penye Bukavu ya leo, likazaa mto Ruzizi, ambao huteremka takriban mita 700 hadi Ziwa Tanganyika.

Huko Miti huchepuka njia ya kushoto iendayo Tshivanga, lango la Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970, na asiye na haraka hafanyi vibaya kuifuata. Mikaratusi inayosimama kando ya barabara isimdanganye mtu kuwa ndiyo msitu, kwa kuwa asili yake ni Australia, ambako jamii ya miti hiyo hujaza misitu inayoshuka hadi pwani, na hapa ilipandwa kwa ajili ya mbao na makaa. Msitu wenyewe uko juu zaidi, kwenye ukingo wa bonde la ufa, yaani ufa mrefu wa gamba la dunia ambao kingo zake zimeinuka: hewa yenye unyevu inapoupanda ukingo huo hupoa na kuangusha mvua, na kadiri mtu anavyopanda miti mirefu hupisha ukanda wa mianzi, ambao machipukizi yake ni chakula kipendwacho na gorila wa Grauer katika majira ya mvua. Hifadhi hiyo imo katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini tangu 1997, na sababu yake kubwa ni vita.

Baada ya kurudi ufukoni na kupita Katana, jirani na kituo cha utafiti cha Lwiro kilichoasisiwa mwaka 1947, mtu huona mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, ambayo usiku huwasha taa ili kuwavuta sambaza. Samaki hao wadogo si wenyeji: waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwani maporomoko ya Ruzizi yaliwanyima samaki wa huko njia ya kupanda wenyewe, na ziwa lenyewe lilikuwa na aina chache mno.

Chini sana ya mitumbwi hiyo, katika ziwa ambalo kina chake cha juu hukaribia mita 480, maji mazito yenye chumvi hayachanganyiki na yale ya juu, hivyo yamehifadhi kiasi kikubwa cha kaboni dayoksaidi na methani. Kule Sake, mwisho wa njia hii, kaboni dayoksaidi hutoka pia ardhini na kutuama mabondeni, nao wenyeji huiita mazuku. Hapo hapo lava nyeusi ya volkano ya Nyamulagira, iliyofika majini katika mlipuko wa 1938 hadi 1940, inaonyesha kwamba kazi ya kuziba haijaachwa.