Kukwaruza, kukera, kukwaza: msamiati wa yasiyopatana

Kukwaruza ni kitenzi cha ngozi kabla ya kuwa cha sikio. Mtumbwi unaoburutwa juu ya kokoto hukwaruzwa tumbo, na ukucha ukipita ubaoni huacha mkwaruzo. Kutoka hapo neno likahamia kwenye sauti: mtu aliyepatwa na mafua huwa na sauti ya mikwaruzo, na spika mbovu hukwaruza. Likahamia pia kwenye uhusiano. Wakisemwa majirani kuwa wamekwaruzana, msikilizaji anaelewa kwamba hawajapigana wala hawajavunja ujirani. Wamepitiana kwa ukali na ngozi imechubuka kidogo. Kipimo hicho cha maumivu hakimo katika kugombana wala katika kuhasimiana, ndiyo maana maneno hayo matatu hayabadilishani nafasi ingawa mara nyingi huwekwa pamoja kama visawe.

Sehemu kubwa ya msamiati huu imejengwa juu ya mwili. Embe bichi hutia meno ganzi. Pilipili hukereketa koo, na kutokana na kitenzi hichohicho amepatikana mkereketwa, yaani mtu mwenye uchungu na chama au jambo lake, ambaye hawezi kukaa kimya kama vile mwenye muwasho kooni asivyoweza kuacha kukohoa. Mwili husisimka kwa hofu, lakini husisimka pia kwa wimbo mzuri, kwa hiyo anayeandika kwamba habari fulani "ilisisimua" hana budi kuonyesha ni kwa upande gani. Maji hutibuliwa, tope likapanda juu. Moyo nao hutibuliwa, na anayesema "umenitibua" anadai kwamba alikuwa ametulia kabla.

Kukera kuna sifa nyingine: kunahitaji muda. Mlango ukigongwa ghafla usiku humshtua au humgutusha aliyelala, haumkeri. Ukigongwa kila usiku, hapo ndipo unapokera. Nomino yake, kero, imeshika mizizi katika lugha ya utawala kwa sababu hiyo. Viongozi wa Tanzania huitisha mikutano ya kusikiliza kero za wananchi, na malalamiko ya muda mrefu kati ya Tanzania Bara na Zanzibar yamejulikana kwa miaka mingi kama kero za Muungano. Neno ajali au mshtuko lisingefaa hapo hata kidogo. Karaha ni jirani wa kero, ila imeelemea kwenye kuchukia na kutapisha, na kitenzi chake, kukirihi, leo hukutwa zaidi katika maandishi na katika usemi wa Pwani. Maudhi hutoka kwa mtu na humlenga mtu; mvua haiudhi mpaka msemaji aifanye kuwa na nia.

Kukwaza kulianzia mguuni, kwenye kisiki na jiwe la njiani. Wakristo wamelipa neno hili maisha mapya: "samahani kama nimekukwaza" husikika kanisani, na sasa ofisini, mahali ambapo zamani ingesemwa kuudhi. Tofauti ni ya maana. Aliyeudhiwa amekasirika, aliyekwazwa amepoteza mwendo wake, pengine hata imani yake kwa aliyemkwaza. Kuna pia hali ambayo bado haijatokea jambo lolote, lakini moyo hautulii: ukimya usio wa kawaida, tabasamu lisilofika machoni. Kwa hali hiyo mitaani husemwa "machale yalinicheza", msemo ambao kamusi za visawe zinastahili kuupa nafasi kuliko zinavyofanya, kwa kuwa "nilikuwa na wasiwasi" haubebi ile hisia ya mwili kujua mapema kuliko akili.

Vitu vyenyewe visipopatana, bila kumtaja anayeumia, msamiati hubadilika. Rangi haziendani. Kauli za mashahidi zinagongana au zinakinzana. Mwimbaji wa kwaya ametoka kwenye ufunguo. Katika sarufi, utaratibu wa kiambishi cha nomino kutawala maneno yanayoifuata huitwa upatanisho. Kwa aliyekulia Unguja au Tanga, "kiti yangu imevunjika" hukwaruza sikio kabla hajajua kanuni iliyovunjwa, kwa sababu sikio lake lilikwisha kutarajia "changu kimevunjika".

Tarajio hilo si moja kila mahali, na Ziwa Mweru linalionyesha vizuri. Mpaka wa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo unapita majini. Kisiwa cha Kilwa kiko karibu na ufuko wa Kongo, ila ni cha Zambia. Ng'ambo yake kuna mji wa Kilwa, katika eneo la Pweto, mkoa wa Haut-Katanga. Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waswahili na Waarabu walikitumia kisiwa hicho kama kituo cha biashara ya pembe za ndovu na watumwa. Leo, upande wa Nchelenge nchini Zambia, Kibemba ndiyo lugha kuu, na Kiswahili huvuka ziwa pamoja na wachuuzi, na pamoja na wakimbizi. Makazi ya Mantapala, wilayani Nchelenge, yalifunguliwa Januari 2018 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia machafuko.

Kiswahili chao ni cha Katanga. Humo husikika "batoto banacheza" mahali pa "watoto wanacheza". Msemaji wa Pwani hugutuka, na wengi hukimbilia kukiita lugha iliyovunjika. Hukumu hiyo si ya haki. Upatanisho umo mzima: ba- ya nomino imejibiwa na ba- ya kitenzi, kama wa- inavyojibiwa na wa-. Kwa mwenyeji wa Nchelenge, ambaye kwa Kibemba husema abantu na abana, ba- ndiyo inayotarajiwa kwa wanadamu walio wengi, na "watu" ndilo neno linaloingia sikioni kwa ugeni. Wakongo wenyewe wanazo njia mbili: ile ya nyumbani na sokoni, na ile wanayoiita Kiswahili bora, inayofuata lugha ya Afrika Mashariki na kusikika zaidi katika maandishi na mahubiri. Sentensi ambayo ingekwaruza masikio ya pande zote mbili ni "batoto wanacheza", yenye kichwa cha Katanga na mwili wa Pwani.