Rangi ya Chai: Je, Majani ya Chai Huchacha?

Katika mji wa Garissa, kando ya Mto Tana, chai haikosekani barazani. Wasomali huiita shaah, nao huinywa kwa maziwa au bila maziwa, ikiwa imeungwa kwa iliki, mdalasini na tangawizi. Hata hivyo, mchai haustawi katika ardhi hiyo kame. Majani hutoka nyanda za juu kama vile Kericho na Limuru. Makala haya yanafafanua jinsi jani la kijani linavyogeuka kuwa jeusi, na kupima iwapo neno 'kuchacha' linafaa kutajia mageuzi hayo.

Ndani ya jani bichi mna katekini, kemikali zisizo na rangi, ambazo seli huzitenga na kimeng'enya kiitwacho polifenoli oksidesi. Majani yakishanyauka, hukatwakatwa na kusagwa kiwandani. Hapo seli hupasuka, na kimeng'enya hukutana na katekini penye oksijeni ya hewa. Katekini huungana na kuwa theaflavini, zenye rangi ya machungwa, na thearubigini, zenye wekundu wa hudhurungi. Hizo ndizo zinazotia rangi maji ya chai. Joto la kukaushia hukizima kimeng'enya, na huibadili klorofili ya jani kuwa feofitini, yenye kulitia jani weusi.

Mkulima wa migomba ukingoni mwa Tana ameliona jambo hili mara nyingi: ndizi iliyobonyea hupiga weusi kwa kimeng'enya cha jamii iyo hiyo.

Tatizo lililopo ni la istilahi. Viwandani, hatua hii imezoeleka kuitwa uchachushaji, ilhali kuchacha ni kazi ya vijidudu. Suusac, maziwa ya ngamia ya wafugaji wa Kaskazini Mashariki, huchacha kwelikweli, kwa kuwa bakteria huigeuza sukari ya maziwa kuwa asidi. Rangi ya chai haihitaji bakteria. Mwanafunzi anayefundishwa kwamba majani ya chai huchacha atatafuta vijidudu pasipo na kazi yao.

Kwa hivyo, istilahi 'uoksidishaji' ndiyo inayofaa, ijapokuwa ni ya mkopo. Aidha, wanywaji wa kawaida waliokiita kinywaji kisicho na maziwa 'chai ya rangi' wameukaribia ukweli wa kisayansi kuliko msamiati wa kiwandani.