Loisi, Nyanya wa Timoteo

Nyanya ni mama wa baba au mama wa mama. Huko Lubumbashi wengi humwita kambo, lakini kazi yake ni ile ile. Mama akienda shambani, nyanya hubaki na mtoto. Humwosha, humlisha, humfundisha kuwasalimu wakubwa kwa heshima. Jioni humshika mkono na kumwonyesha ishara ya msalaba, leo na kesho, mpaka mkono uizoee. Akifa, kijiji chote hukaa matanga, na mara nyingi mjukuu anayezaliwa baadaye hupewa jina lake.

Katika Maandiko Matakatifu yumo nyanya mmoja anayekumbukwa kwa kazi hiyo hiyo. Jina lake ni Loisi. Mjukuu wake ni Timoteo.

Timoteo alitoka Listra, mji wa nchi tunayoiita leo Uturuki. Watu wa Listra waliabudu miungu mingi. Siku moja Mtakatifu Paulo alimponya pale kiwete. Watu wakapiga kelele wakidhani Paulo na Barnaba ni miungu walioshuka toka mbinguni. Wakaleta hata ng’ombe dume na mashada ya maua ili wawatolee sadaka. Mitume walipata taabu kubwa kuwazuia. Kisha wakaja watu wa miji mingine, wakawachochea wenyeji, na Paulo akapigwa mawe. Wakamburura nje ya mji, wakidhani amekufa. Kelele asubuhi, mawe jioni: ndivyo ulivyo moyo wa kundi la watu!

Katika mji wa namna hiyo kumlea mtoto katika imani hakukuwa kazi nyepesi. Tena baba yake Timoteo alikuwa Mgriki; mama yake, Eunike, ndiye aliyekuwa Myahudi mwenye kumwamini Yezu. Wala hapakuwa na vitabu vya bei rahisi kama vile vya shule. Maandiko yalinakiliwa kwa mkono juu ya ngozi au mafunjo. Mtoto alijifunza hasa kwa sikio, akirudia maneno ya mkubwa. Hata hivyo Timoteo aliyajua Maandiko tangu utoto wake.

Paulo aliporudi Listra, Wakristu wa hapo na wa Ikonio walimsifu sana kijana huyo. Paulo akamchukua awe mwenzake wa safari. Wakafika mbali: Masedonia, Korintho, Efeso.

Miaka ikapita. Paulo akafungwa gerezani, naye akamwandikia Timoteo barua. Anakumbuka machozi ya kijana, anatamani kumwona tena. Halafu anamwambia kwamba imani yake ilikaa kwanza kwa nyanya yake Loisi, kisha kwa mama yake Eunike. Angalieni utaratibu huo, watoto. Imani ilipita kama kaa la moto linalochukuliwa toka jiko la nyumba moja mpaka jiko la pili. Paulo alikuwa mtu wa elimu kubwa, angeweza kutaja walimu mashuhuri. Alimtaja nyanya.

Nyanya wengine majina yao hayakuandikwa popote. Kanisa la Kongo halikuwasahau. Mwaka 1988 Roma ilikubali kitabu cha Misa kwa majimbo ya Zaïre, kama nchi ilivyoitwa wakati ule. Papa Fransisko mwenyewe aliadhimisha Misa ya namna hiyo mjini Roma tarehe 1 Desemba 2019. Na mwaka 2021 aliweka siku ya kuwaheshimu babu, nyanya na wazee wote, Jumapili ya nne ya Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Ana.

Katika Misa hiyo ya Kongo, mwanzoni, Wakristu huwaita watakatifu, kisha huwaita wazee waliotangulia, wale wenye moyo mnyofu. Hapo mtoto aliyefiwa aweza kumtaja nyanya yake kimya kimya, kwa jina la ubatizo au kwa lile la nyumbani.