Sayari ya samawati inyeshewayo na vioo

ANAYEIONA sayari ya HD 189733b katika michoro ya wanasayansi huenda akadhani ni Dunia nyingine, kwa jinsi ilivyo ya samawati. Rangi hiyo hadaa tupu, kwani huko hakuna bahari.

Sayari hiyo, iliyogunduliwa mwaka wa 2005, iko mbali kiasi kwamba mwanga wake huchukua takriban miaka 64 kutufikia. Huizunguka nyota yake kwa karibu mno, na joto lake hufikia nyuzi 1,000 hivi za selisiasi.

Mnamo 2013, wataalamu waliotumia darubini ya Hubble walithibitisha rangi hiyo. Wanaamini inatokana na chembechembe za silika, madini yapatikanayo kwenye mchanga, ambazo katika joto hilo huweza kugeuka vioo na kunyesha. Mvua yenyewe hakuna aliyeiona. Imekisiwa kutokana na mwanga.

Upepo, hata hivyo, umepimwa. Mnamo 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, walichunguza mwanga wa nyota uliopenya hewa ya sayari hiyo, wakapata kasi ya kilomita 8,700 kwa saa, takriban mara saba ya kasi ya sauti. Kwa kasi hiyo, vioo havidondoki chini bali hupeperushwa kando kando.