TUNAWEKA TUMAINI LETU WAPI?



Katika internati yetu kuna mabishano ambayo hayaishi. Sisi kapita tunayasikia usiku, taa zikisha kuzimika. Wengine wanasema: "Kama tunamutumainia Mungu, juu ya nini kuhangaika na kuweka franga? Ni imani kidogo." Wengine, wale ambao franga za wazazi wao zilifungiwa ndani ya banki kule Goma, wanajibu kwa uchungu: "Baba aliomba, alitoa zaka, na aliweka akiba. Alipata nini?" Usiku mmoja mwenzetu wa darasa la sita alitoka chumbani akilia. Basi jambo hili si la muchezo, na tunaona vema kulieleza polepole.

Kuna mzee mmoja wa kanisa, mtu wa Masisi, anayehifadhi noti za zamani ndani ya Biblia yake. Alituonyesha. Alikuwa kijana akikusanya mali ya kuoa, na alizificha ndani ya godoro. Siku ya Noeli, tarehe 25 mwezi wa 12, 1979, serikali ya Zaire ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 hazina kazi tena. Watu walipewa siku chache tu za kuzibadilisha, tena kwa kiasi kilichopimwa. Mwenye kukaa karibu na banki alikimbia. Mwenye kukaa ndani ya pori la Walikale au juu ya milima ya Masisi alibaki na karatasi.

Mzee akasema moyoni: serikali haiwezi kufuta ng'ombe. Akanunua mmoja, wakazaa. Na kweli, hapo alihesabu vizuri, kwa sababu mwezi wa 10, 1993, zaire 3.000.000 za zamani zilibadilishwa kwa zaire 1 mpya! Lakini mwezi wa 3 wa mwaka ule ule vita ilikuwa imeanza katika soko la Ntoto, huko Walikale, ikapanda mpaka Masisi. Kufika mwaka 1996 ng'ombe wa Masisi walikuwa wameisha karibu wote. Wake pia.

Mtoto wake ni mwalimu. Yeye aliamini banki. Mwisho wa mwezi wa 1, 2025, M23 waliingia Goma, banki zikafunga milango, na franga za watu zikabaki ndani miezi mingi. Mwezi wa 3 hata mgodi mkubwa wa Bisie ulisimamisha kazi kwa muda, na wazazi wa Walikale wanaotegemea mawe yale wanajua siku zile zilikuwa namna gani.

Sasa tuangalie Yesu alisema nini katika Matayo 6. Alitaja nondo, kutu na wezi. Hakusema kwamba sanduku ni dhambi. Alieleza tu ginsi mali ilivyo. Yule tajiri wa Luka 12 naye hakuhukumiwa kwa sababu ya mavuno mazuri. Msikilize anavyozungumza: anaongea na nafsi yake peke yake, Mungu hayumo, jirani hayumo. Yosefu alijaza ghala za Misri miaka saba, na hakuna anayemwita mtu asiye na imani. Aliweka ili watu wale. Lakini Waisraeli waliolaza mana mpaka asubuhi walikuta funza, maana Mungu aliisha kuwaambia kesho atawapa tena. Kuweka ni kule kule. Moyo ndio tofauti. Kwa hiyo wale wa kundi la kwanza wasijivunie mifuko mitupu.

Kwa kundi la pili, jibu ni gumu zaidi. Kuna wahubiri wanaosema mwenye kumtumaini Mungu hapotezi kitu. Sisi tunakataa. Nabii Habakuki alitazama zizi lisilo na ng'ombe, sawa vile watu wa Masisi walivyotazama, na akaamua kumfurahia Bwana. Hakusema kwamba ng'ombe watarudi. Kumtumainia Mungu si kumlipa ili atulindie banki. Ni kubaki wake hata pale banki imefungwa, na kulia mbele yake kunaruhusiwa.

Tulimuuliza mzee kama sasa ameacha kuweka. Akacheka sana! Anapanda viazi, ana mbuzi wawili, anatoa likelemba kila juma. Mwaka 2025 wakimbizi walipofika kwake, alifungua mfuko wa maharagwe aliyoyaweka kwa mbegu. "Mbegu tulikula," alisema, "na msimu uliofuata jirani alitupatia zingine."

Wenzetu watano wa darasa la sita hawajapata franga za Examen d'Etat. Tunaomba kila mmoja afikirie anaweza kutoa kiasi gani, hata kidogo. Kikao ni siku ya tano, saa kumi, katika chumba cha kulia chakula. Sanduku litashikwa na mama wa internati.

Kapita wa internati, darasa la sita