Jicho Lililobaki Nalo Lipimwe

Ua wa minyaa umezoeleka Usukumani, na Shishiyu, kata ya Wilaya ya Maswa mkoani Simiyu, imo katika Usukuma huo wa pamba, mpunga na ng'ombe. Minyaa haihitaji maji mengi, na tawi likichomekwa ardhini hushika. Shida ni utomvu wake mweupe. Anayepogoa ua akirukiwa na tone jichoni, jicho huwaka na kuvimba, na huenda asione vizuri kwa siku kadhaa. Dawa ya kwanza ni maji safi, mengi, ya kumiminwa kwa robo saa au zaidi, ndipo safari ya hospitali ianze. Akichelewa, kioo cha mbele cha jicho kinaweza kubaki na kovu.

Njia za kupoteza jicho moja kijijini ni nyingi: mwiba, bua la pamba lililokauka, kapi la mpunga wakati wa kupura, kibanzi cha kuni, sumu ya swila. Kidonda kilichoanzia kwenye mmea huweza kuingiwa na fangasi, na matone yenye steroidi yaliyonunuliwa dukani bila vipimo hukichochea. Kwa watoto, surua imefanya uharibifu wake. Mwaka 1987 madaktari Allen Foster na Alfred Sommer walichapisha utafiti kuhusu watoto wa Tanzania wenye vidonda vya kioo cha jicho: zaidi ya theluthi moja walikuwa wametoka kuugua surua, na wengine walikuwa wametiwa dawa za kienyeji machoni. Chanjo na vitamini A hulinda macho hata pale mama anapodhani analinda kifua tu.

Ajabu ni kwamba mtu huyu wa jicho moja hatumwoni kwenye takwimu. Shirika la Afya Duniani hupanga uoni hafifu kwa kuangalia jicho lililo bora. Mtu huingia kwenye kundi la uoni hafifu wa wastani pale jicho lake bora linaposhindwa kufikia 6/18, yaani hata akisogea hadi mita 6 haoni kile ambacho mwenye macho mazima anakiona akiwa mita 18. Mwenye jicho moja lililokufa na jingine zima anahesabiwa kuwa anaona. Naye mwenyewe hujihesabu hivyo hivyo: anapalilia, anaswaga ng'ombe, anahesabu fedha, kliniki ya nini?

Kuna pia sababu ya kunyamaza. Usukumani vikongwe waliuawa kwa tuhuma za uchawi, ushahidi ukiwa macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi. Mahali penye historia hiyo, mwenye jicho lililobadilika rangi hana hamu ya kulitangaza.

Kwa mtoto, kinachochelewesha ni mapenzi. Wahenga walisema ukipenda, chongo utaita kengeza, wakidhani kengeza ndiyo nafuu. Daktari wa macho hakubaliani nao. Macho ya mtoto yakitazama pande mbili, ubongo hupokea picha mbili zisizolingana, na ili usichanganyikiwe huifuta moja. Jicho linalofutwa halina kidonda, lakini halijifunzi kuona. Tiba ni miwani, au kuliziba jicho zima kwa saa kadhaa kila siku ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Hufaa zaidi kabla ya miaka 7 au 8. Baada ya hapo nafasi hupungua. Na kengeza ikiambatana na mng'ao mweupe katikati ya mboni, kama unaoonekana kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga wake, mtoto apelekwe hospitali mara moja, kwani inaweza kuwa saratani ya jicho.

Aliyepoteza jicho ukubwani huanza na aibu ndogo ndogo. Chai humwagika pembeni ya kikombe, mguu hukosa ngazi, mkono unaonyooshwa kusalimia hupita hewani. Macho mawili hupima umbali kwa kulinganisha picha zao. Likibaki moja, ubongo hujifunza njia nyingine. Mdomo wa birika uguse ukingo wa kikombe kabla ya kumimina. Kichwa kikitikiswa kidogo, vitu vya karibu huonekana kusogea kuliko vya mbali. Barabarani, kwa kuwa magari yetu hupita kushoto, gari la kwanza kumfikia anayevuka hutoka kulia, hivyo aliyepoteza jicho la kulia ageuze kichwa chote. Baada ya miezi kadhaa wengi huzoea. Gordon Banks, kipa wa Uingereza aliyetwaa Kombe la Dunia mwaka 1966, alipoteza uwezo wa kuona kwa jicho la kulia katika ajali ya gari mwaka 1972. Mwaka 1977 alikuwa golini tena nchini Marekani, akidaka mipira.

Lakini kuzoea kusigeuke kusahau. Jicho lililochomwa, ingawa ni nadra, huweza kuleta uvimbe ndani ya jicho jingine lililo zima wiki au hata miaka baadaye. Wekundu, maumivu ya mwanga na ukungu ni dalili za kukimbilia hospitali. Presha ya jicho na kisukari huiba uoni bila kelele. Ndiyo maana aliyebakiwa na jicho moja ahudhurie kliniki hata asiposumbuliwa, na akienda shamba avae miwani ya lenzi ngumu, hata kama haihitaji kusomea.

Kipimo cha kuanzia hakina gharama. Ziba jicho moja kwa kiganja, tazama kalenda ya ukutani, kisha ziba jingine. Wazee wengi hugundua hapo kwamba jicho moja lilishatoweka zamani, na mara nyingi ni mtoto wa jicho, ambaye upasuaji humwondoa. Ukiona tofauti, anzia zahanati ya karibu, nao watakuelekeza hospitali ya wilaya Maswa, ya rufaa ya mkoa Bariadi, au Bugando jijini Mwanza. Na ukifika, usikubali kutazamwa lile bovu peke yake. Omba na hilo zima lipimwe, kwa maana halina mwenzake wa kulishikia nafasi.